Mama wa Mvuke na Maji ya Chumvi

Sijawahi kumwona mtu aliyeiogopa chumvi kama Mama wa Mvuke. Kwenye chakula chake aliimwaga bila kupima, hadi wapishi wa hospitali wakawa wanamfichia kopo. Lakini katika chumba chake nyuma ya thieta, chumba cha upasuaji, chumvi ilikuwa adui. Kila ndoo ya maji iliyofika mlangoni aliisimamisha, akachovya kidole, akaonja, akatema nje, kisha akasema neno moja: "Pita," au "Rudisha."

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya kanisa, juu ya kilima upande wa Makueni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mukuyuni. Nilifika pale mwishoni mwa miaka ya sabini nikiwa muuguzi kijana, na baada ya miaka miwili nikafanywa msimamizi wa thieta. Yeye nilimkuta. Kazi yake ilikuwa moja: kuendesha mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Makasi, koleo, visu vya daktari, pamba, magauni, vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kumgusa mgonjwa. Kulikuwa na mashine moja tu. Ikilala, hakuna upasuaji.

Wauguzi waliiita otoklevu. Yeye aliiita mashine tu, na ule mtungi wa ndani, ambamo vyombo hupangwa na mvuke hubanwa, aliuita tumbo. "Miguu ikiharibika tunafunga mbao," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Saa ya presha ikiharibika tunanunua nyingine. Mpira wa mlango tunabadilisha. Tumbo ikitoboka, hakuna dawa. Hiyo ni kuzika."

Daktari mzungu aliyeileta alikuwa amemwambia kwamba tumbo la chuma kile, likitunzwa, lingefanya kazi miaka ishirini na zaidi, na lisipotunzwa halingemaliza mitano. Daktari alikwisha kurudi kwao zamani. Maneno yake yalibaki kwa Mama wa Mvuke kama amri.

Kwa hiyo alikuwa na sheria. Vyombo vilivyolowa damu au maji ya dripu havikuingia kabla ya kusuuzwa mara tatu, kwa sababu damu ina chumvi na dripu ina chumvi. Mlango haukufungwa ukiwa na unyevu. Kazi ikiisha alipangusa tumbo lote kwa kitambaa cha pamba, mkono umezama mpaka begani, kisha akauacha mlango wazi mpaka asubuhi. Mvuke haukuachiliwa kwa pupa. Maji baridi hayakumwagwa juu ya chuma cha moto. Na waya ya kusugulia sufuria haikuruhusiwa hata kuonekana karibu. Muuguzi mmoja aliwahi kusugua doa kwa waya, akidhani anamsaidia. Mama wa Mvuke alimshika mkono, akamwonyesha mikwaruzo midogo, akasema, "Hapa umefungulia kutu mlango." Yule dada alilia chooni.

Hakujua kusoma wala kuandika. Saa aliijua, na mshale wa presha aliujua kuliko sisi sote. Angeweza kukuambia kwa mlio wa valvu kwamba umebakiza kidogo kufika ratili kumi na tano. Kila alipoiwasha mashine alichora mstari wa makaa ukutani. Kila mwaka chumba kikipigwa chokaa mistari ilifutwa, lakini jumla alikuwa nayo kichwani. "Chuma inachoka kama mtu," alisema. "Kila ukiichemsha na ikipoa, imezeeka kidogo. Lazima ujue imezeeka kiasi gani."

Kitabu cha mashine, basi, nilikuwa nakiandika mimi. Jioni, kazi ikiisha, alisimama pembeni ya meza yangu, mikono nyuma, akanitajia: imewashwa mara ngapi, presha ilifika wapi, maji yametoka wapi. Mimi naandika. Nikimaliza aliniambia, "Soma." Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Kwa miaka mitano hakuna jioni hata moja aliyosahau kuniambia nisome.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa madaktari hadi wakamkwepa. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, mwombaji wa sauti ya juu, na wakati huohuo alikuwa na ugoro amefunga kwenye pindo la leso, akiunusa nyuma ya ghala la kuni akidhani hatumwoni. Katika nyumba aliyopewa pale hospitalini mtungi wa maji ya kunywa ulikaa wazi, kuku wanapita. Nilipomuuliza mbona kwake hachemshi maji, alicheka. "Hapa nyumbani hakuna mtu amepasuliwa tumbo."

Na alikuwa na kinyongo. Akikukasirikia, hasira yake ilikaa miaka. Katibu wa hospitali, mtu mtaratibu wa suti moja ya kijivu, mzaliwa wa Mukuyuni kama yeye, aliwahi kumtaka amkabidhi ufunguo wa tangi la maji ya mvua. Mali ya hospitali, alisema, ufunguo ukae ofisini. Mama wa Mvuke alikataa. Walibishana mbele ya watu, na tangu siku hiyo alimwamkia kwa kutazama pembeni.

Lile tangi ndilo lililokuwa roho ya kazi yake. Pande zile maji ya kisima ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota ganda jeupe, na chai ya maji yale mgeni huiacha kikombeni kwa adabu. Maji ya mvua kutoka paa la wodi yaliingia tangini, na hayo pekee ndiyo yaliyoruhusiwa kuingia kwenye mashine. Kufuli lilikuwa moja, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba.

Mimi alinipenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya kile kitabu. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, naye akaniita mwanangu. Nilipomwambia naoa, aliinua mikono juu na kuomba palepale, mashine inanguruma nyuma yake.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Nilioa mwaka ambao mvua ilikuwa imetukatalia misimu miwili. Harusi ilifanyika kwenye uwanja wa hospitali, na wageni wa mke wangu walikuwa wanatoka Kabati, upande wa Kitui, watu wa maduka, waliozoea chai nzuri. Niliona aibu kuwapa chai ya chumvi. Nikaenda kwa Mama wa Mvuke nikamwomba maji ya mvua, mapipa mawili. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua ule ufunguo shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaniwekea kiganjani.

"Mawili, mwanangu. Nimepima na fimbo. Ukitoa mawili, itabaki ya kutufikisha mvua."

"Mawili, mwaitu," nikasema.

Vijana wa ukoo wangu ndio waliochota. Wapishi walihitaji zaidi, wageni wakaongezeka, mtu akaomba ya kunawa. Niliyaona mapipa yakipita, la tatu, la tano. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na ningeweza kusimama. Nilikuwa nimevaa suti, watu wananiimbia, na sikusimama. Yule wa mwisho hakukaza bomba. Asubuhi ya pili chini ya tangi palikuwa na tope, na tangi lenyewe, ukiligonga, lililia kama debe tupu.

Mama wa Mvuke alipiga tangi kwa kiganja mara mbili. Hakuniuliza yalichotwa mapipa mangapi. Alisema tu, "Tufanye nini?"

Siku hiyohiyo aliletwa mama mmoja, mtoto amelala vibaya tumboni. Daktari alihitaji vyombo. Nikamwambia Mama wa Mvuke achukue maji ya kisima. Alikataa. Nikamwambia ni amri yangu, mimi ndiye msimamizi. Akaleta ile ndoo mwenyewe, akaonja, akatema, akamimina.

"Leo tu," nikamwambia. "Nitaagiza lori la maji kutoka mtoni."

"Leo tu," akasema. "Na uandike. Uandike maji ya kisima, ndio injinia akija ajue na aioshe."

Mama yule na mtoto wake walipona, na kwa siku hiyo moja sijutii. Lakini kuagiza lori kulihitaji saini ya katibu, na katibu angeuliza maji ya tangi yamekwenda wapi. Nikasema kesho. Kesho nikasema wiki ijayo. Ilikwenda hivyo wiki saba, mpaka mvua iliponyesha. Kila siku alionja, akatema, akamimina. Kila jioni alisimama pembeni ya meza, mikono nyuma.

"Maji ya kisima," alinitajia.

Nami niliandika: maji ya mvua.

"Soma."

Nikasoma: "Maji ya kisima."

Siku ya kwanza nilijiambia nitasahihisha. Baada ya siku kumi mkono ulizoea. Nilikuwa namdanganya mtu aliyesimama karibu nami kiasi cha kunisikia nikipumua, naye akiitikia kwa kichwa.

Miezi minane baadaye mashine ilianza kuvuja. Mwanzoni ni tone, chini kabisa, karibu na bomba la kutolea maji. Mama wa Mvuke aliizima mwenyewe na kukataa kuiwasha tena. Injinia akaitwa kutoka Nairobi, mtu mpole mwenye taa kichwani. Aliingiza kichwa ndani ya tumbo akakaa huko muda. Alipotoka alituonyesha: vitobo vidogo vidogo kama vya ncha ya sindano, na kando ya palipochomelewa, mpasuko mwembamba kama unywele.

"Hii ni chumvi," alisema. "Chumvi na joto pamoja. Chuma hiki hakishiki kutu kirahisi, lakini chumvi ikiganda kwenye pembe na ukaendelea kuipasha moto, inakichimba kidogo kidogo mpaka ndani." Akauliza mashine ina umri gani. Mama wa Mvuke akamjibu kwa miaka, na kisha kwa idadi ya mara ilizowashwa. Injinia alimtazama kwa heshima. "Kwa hesabu hiyo bado ilikuwa na miaka kumi ya kazi," akasema. Wala haikuwa ya kuziba; tumbo linalobana mvuke likipasuka, linaweza kuua watu chumbani.

Kamati ikaketi. Mchungaji mwenyekiti, wazee wawili, daktari, na katibu akiandika. Walimwita Mama wa Mvuke kwanza. Nilikuwa nje kwenye benchi na kitabu mapajani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Tulitumia maji ya kisima wakati tangi ilikauka," nilimsikia akisema. "Siku kwa siku imeandikwa. Mimi sijui kusoma. Itisheni kitabu, msome."

"Tangi lilikaukaje?" katibu akauliza.

Alijua. Angeweza kunitaja, na harusi yangu, na ule ufunguo.

"Ilikauka," akasema. "Ilikuwa jua."

Alitoka, akapita mbele yangu, akanigusa bega. "Wasomee," aliniambia, akaenda kungojea chini ya ukuta wa wodi.

Niliingia. Katibu alifungua zile kurasa, akazisoma moja moja kwa sauti yake ileile ya taratibu. Maji ya mvua. Maji ya mvua. Maji ya mvua. Mchungaji akaniuliza kama nina la kueleza.

Nimekwisha kulirudia jibu langu mara nyingi hata nalisikia kama la mtu mwingine. Nilisema, "Mimi huandika ninavyotajiwa."

Hawakuniuliza zaidi. Saa ile ile kulikuwa na mgonjwa wa kupelekwa Machakos, kwa sababu sisi hatukuweza tena kupasua mtu, na nikajitolea kumsindikiza. Haikuwa zamu yangu. Niliporudi kesho yake chumba chake kilikuwa kimefagiwa, kitambaa cha kupangusia kimekunjwa juu ya mashine iliyokufa. Katibu ndiye aliyempa habari: kitabu hakisemi unavyosema, umefutwa kazi kwa uzembe na kwa kusema uongo mbele ya kamati. Kitabu kilifungiwa katika kabati la katibu. Mashine mpya ilichukua karibu mwaka kufika, na mwaka huo akina mama walipelekwa Machakos kwa barabara ile mbovu, wengine wakiwa tayari na uchungu. Si wote waliofika wazima. Sijui ni wangapi, na sikuwahi kuuliza.

Mimi nilihamia Kabati, kwa wakwe zangu, nikafungua duka la dawa. Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa na sababu ya kutopita Mukuyuni, kwao Mama wa Mvuke. Halafu shemeji yangu akajenga huko, akanialika Jumapili moja, na asubuhi tukaenda kanisani.

Alikuwa benchi ya pili ya akina mama. Aliniona kabla sijamwona. Ibada ilipoisha alinijia, amekonda, jicho moja limeingia ukungu, akanishika mikono miwili.

"Mwanangu. Nilijua Mungu atakuleta. Watoto wangapi?"

"Watatu, mwaitu."

Hakukubali niondoke bila kunywa chai kwake. Shemeji akatangulia. Njiani alinieleza habari zake: shamba, wajukuu, jicho. Tulipoketi akamimina chai, kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Yule katibu alichana ile kitabu."

Niliweka kikombe chini.

"Ile kitabu ililala kwa kabati yake," akaendelea. "Alitoa karatasi, akaweka zingine. Kwa sababu ya ufunguo. Wewe uliandika. Nilikuona ukiandika, na ulinisomea. Watu walisema labda ni wewe. Nikawaambia, huyo mtoto, hapana."

Siku zote nilifikiri kwamba nikikutana naye atanilaani, na nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Ningeweza kunywa chai ile na kwenda zangu. Nilifikiri kufanya hivyo. Nilikiinua hata kikombe.

"Mwaitu," nikasema, "katibu hakuchana."

Nikamwambia yote. Mapipa, yale ambayo sikuyahesabu. Lori ambalo sikuliagiza. Nilichoandika na nilichomsomea. Nilichowajibu kamati. Nilisema nikitazama sakafu. Nilipomaliza, nje kuku walikuwa wanaparura, na yeye hakuwa amesogea.

"Jioni zote hizo," akasema mwishoni.

"Zote."

"Na nilikuwa nimesimama hapo."

"Ulikuwa umesimama hapo, mwaitu."

Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza, lakini mawazo yake hayakuwa kwangu kabisa.

"Alikuja hapa," akasema. "Katibu. Alipostaafu, akiwa mgonjwa, alikuja na fimbo mpaka mlango huu, kunisalimia. Nilimfungia mlango. Alisimama nje kitambo kirefu. Alipokufa sikuenda kumzika. Mke wake anaketi benchi nyuma yangu, na miaka hii yote sijampa mkono."

Akasimama, akajifunga kitambaa kichwani, akatafuta viatu kwa mguu.

"Twende."

"Wapi, mwaitu?"

"Kwake. Si mbali."

Nikasema shemeji ananingojea na chakula. Nilijisikia nikilisema. Yeye alikuwa amekwisha kutoka, nami nikamfuata.

Mjane wa katibu alikuwa uani, anaanika mbaazi juu ya gunia. Alipotuona alisimama. Mama wa Mvuke alimwendea moja kwa moja, akamnyooshea mkono. Yule mama aliutazama mkono ule kwanza, kisha akaushika.

"Nimekuja na huyu," Mama wa Mvuke akasema. "Ana maneno. Yangu nitasema akimaliza."

Tukaletewa viti. Nikasema tena yote, mara ya pili siku moja, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa yule mjane hakuwa amekisikia kabisa kisa cha kile kitabu. Hakuwahi kujua mume wake alishukiwa nini. Alikuwa akijua tu kwamba jirani mmoja, tangu kamati imfute kazi, hakuwasalimia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika mbaazi chache alizosahau kuziweka chini.

Aligeuka kwa mwenzake.

"Kukufuta ilikuwa kamati, si yeye. Alikufa akijiuliza yeye alikukosea nini," akasema. "Aliniuliza hata siku ile ya mwisho. Sikuwa na jibu la kumpa."

"Hakunikosea," Mama wa Mvuke akasema. "Hakunikosea hata kidogo."

Yule mjane alimshika mkono, akamwinua pale kitini polepole, na wakaingia ndani pamoja, wameshikana kama watu waliotoka kuzika. Mlango ukarudishiwa. Nilikaa pale uani mpaka jua likahama gunia. Hakuna aliyetoka kunikaribisha, wala kunifukuza.